Hapo Meza Mate

Mama Mkaguzi hakuwa mtu wa kusema uongo, na ndiyo maana uongo wake mmoja ulimchosha kuliko kazi zote alizowahi kufanya. Mtu aliyezoea kudanganya hudanganya akasahau. Yeye aliubeba wake kama anayebeba bakuli la supu lililojaa pomoni, akitembea polepole, akiogopa kuumwaga mbele za watu.

Jina hilo la Mkaguzi alilipata kazini. Alikuwa mkaguzi wa shule kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliingia darasani kimya, akakaa kiti cha nyuma, akaufungua mkoba wake mweusi, na mwalimu aliyekuwa akifundisha vizuri kabisa akaanza kuandika ubaoni kwa mkono unaotetemeka. Hakuwa mkali kwa ubaya. Aliamini tu kwamba jambo likifanywa mbele za watu, lifanywe inavyopasa. Alipostaafu alibaki na jina, mkoba, na mgongo ulionyooka kiasi cha kufanya viti vya sebuleni kwake vionekane vimelegea.

Mumewe alikuwa mpimaji wa ardhi, lakini hakuna aliyemwita mpimaji. Aliongoza kwaya ya kanisa tangu ujana wake hadi kifo chake, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mpole mwenye shingo ndefu na suruali zenye mifuko mikubwa. Alitunga nyimbo chache, zote fupi, na mmoja kati ya hizo ukashika: wimbo wa Krismasi kuhusu wachungaji waliolala usingizi wa pono usiku ule mtukufu, hata kondoo wao wakatangulia horini peke yao. "Amkeni, wachungaji, kondoo wamefika kwanza." Watoto waliupenda kwa sababu ya kondoo. Wanaume wa besi waliupenda kwa sababu kuna mahali walilia kama kondoo dume, jambo ambalo Mwalimu hakuliandika popote lakini pia hakulikataza.

Kabla ya ubeti wa mwisho wa wimbo huo kuna kimya, na kimya hicho kilikuja kwa bahati. Siku ya kwanza ya mazoezi, Mwalimu alipofika pale alishikwa na chafya. Aliacha kuongoza, akaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Kwaya ikanyamaza. Ikameza mate. Halafu, bila mtu kuinua hata kidole, ikaingia yote kwa pamoja, sauti zote nne, sawasawa kama mlango unaofunguliwa. Mwalimu alibaki na kitambaa puani, macho yamemtoka.

"Acheni hivyo hivyo," alisema. "Hapo meza mate, halafu ingieni wenyewe. Mimi sitawaonyesha."

Tangu siku ile, kila Krismasi, wimbo ulipofika pale Mwalimu alitia mikono yote miwili mfukoni na kuwatazama tu. Nao waliingia. Hakuna aliyewahi, hakuna aliyechelewa. Alipofariki na kijana mwingine akashika kwaya, kijana huyo alijaribu kuwaonyesha mahali pa kuingia kwa kupunga mkono. Mama Mkaguzi, ambaye ndiye kiongozi wa sauti ya pili, alimwambia kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, hapo mikono huwekwa mfukoni."

Kijana akaiweka.

Basi hiyo ndiyo familia yenyewe: watu wa heshima, watu wa kanisa, watu ambao jina lao likitajwa mahali, anayelisikia hukaa vizuri kwenye kiti. Walizaa watoto watatu. Wa kwanza ni daktari wa meno, wa pili ni hakimu, na wote wawili wanaishi mbali. Wa tatu, kitinda mimba, aliitwa Mdogo hata baada ya kumpita baba yake kwa kimo. Huyu alirithi shingo ya baba na masikio ya baba. Alijifunza piano palepale sebuleni, kwenye piano kuukuu ya ukutani, miguu yake ikiwa bado inaning'inia hewani. Alipokua alisomea uhasibu, akaajiriwa na kampuni kubwa kuwa mkaguzi wa hesabu, na mama yake alipenda kuwaambia watu, "Ukaguzi uko kwenye damu."

Halafu Jumapili moja Mdogo alikuja, akala chakula cha mchana, akakikunja kitambaa cha mikono vizuri kuliko kawaida yake, akasema kwamba ameacha kazi. Hakufukuzwa, ameacha. Atapiga piano kwenye bendi ya jazi.

"Jazi," alirudia Mama Mkaguzi, kama anayesoma jina la ugonjwa kwenye cheti.

"Ndiyo, mama."

"Mahali watu wanapokunywa."

"Wengine wanakunywa soda."

"Baba yako hakukukalisha kwenye kile kiti ili uje uwaburudishe watu wanaotafuna karanga."

"Baba angekuja kusikiliza."

"Usimsemee marehemu ndani ya nyumba yake!"

Mdogo alisimama. Aliosha sahani yake, akaifuta, akairudisha kabatini, akaondoka. Hawakukatiana mawasiliano. Kila Jumapili jioni alipiga simu, nao walizungumza habari za presha, habari za mvua, na kama kila mmoja amekula. Habari za kazi walizikwepa kama watu wawili wanaozunguka dimbwi moja. Lakini jioni ile ile alipoondoka, Mama Mkaguzi alikifunga kifuniko cha piano kwa ufunguo, ufunguo akautia mkobani, na juu ya piano akapanga picha ya harusi na chombo kizito cha maua ya plastiki, kama anayeweka jiwe juu ya shimo.

Jumapili iliyofuata, mlangoni kwa kanisa, mtu alimwuliza, "Mdogo vipi, haonekani?"

"Yuko kazini," alisema. "Wanafunga mahesabu."

Lilikuwa jambo dogo, limemtoka tu. Tatizo la mahesabu ni kwamba yakishafungwa lazima mtu aonekane. Hivyo hayakuisha kufungwa. Yalifungwa Pasaka yote, yakafungwa msimu wa mvua, yakafungwa shule zilipofunguliwa na zilipofungwa. Mzee mmoja wa besi, fundi wa makufuli aliyeitwa Ngurumo kwa sababu ya koo lake, alisikika siku moja akisema, "Kampuni ile ama ni tajiri mno, ama imeibiwa mno." Mama Mkaguzi alijifanya anatafuta miwani.

Sasa ikafika Desemba. Jioni moja, mwisho wa mazoezi, mwalimu kijana wa kwaya alipiga makofi kuomba utulivu. Alisema kuna muumini mwenye moyo mwema amewanunulia wanakwaya wote tiketi za onyesho la nyimbo za Krismasi, Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa mji.

"Nyimbo za Krismasi za namna gani?" aliuliza Mama Mkaguzi.

"Za jazi, mama."

Wanawake walipiga vigelegele. Ngurumo aliguna guno refu la furaha. Mama Mkaguzi peke yake alikaa akizishika shanga zake. Onyesho hilo alilijua. Alikuwa amekwisha kuliona tangazo lake limebandikwa ukutani kwa duka la dawa: wanaume wenye suti nyeupe, nyota za karatasi, na chini yao majina ya wapigaji. La tatu lilikuwa jina la ukoo wao, lilelile lililochongwa kwenye kaburi la Mwalimu, limeandikwa kwa rangi ya dhahabu iliyopindapinda. Alikuwa amelipita upesi, kama mtu anayeona nguo yake ya kulalia imeanikwa barabarani.

"Mama, mbona umenyamaza?" Aliyeuliza ni Mama Pacha, mkunga, jirani yake na mwenzake wa kwaya, mwanamke ambaye mdomo wake hupumzika akiwa amelala tu. "Au presha?"

Presha ilikuwa njia nzuri ya kutokea, na Mama Mkaguzi aliifikiria kwa makini usiku na mchana. Lakini alijua kwamba asipokwenda, wenzake watakwenda bila yeye, watamwona Mdogo kwenye piano, na watarudi garini wakijadili mahesabu yale njia nzima, yeye hayupo kulinda hata neno moja. Akaona afadhali awepo. Atawakalisha nyuma kabisa, chini ya roshani, kwenye giza, mahali ambapo hata ndugu yako wa tumbo moja usingemtambua jukwaani. Watasikiliza, watapiga makofi ya adabu, watarudi nyumbani. Akapanga yote vizuri, kama alivyokuwa akipanga ziara za ukaguzi.

"Tutavaa sare," akawatangazia. "Hatuendi disko."

"Majoho yale na joto hili?" alilia Mama Pacha. "Mama, mimi nitajifungua jasho!"

"Sare," alisema Mama Mkaguzi.

Na sare ndiyo iliyomponza. Jumamosi walipoingia ukumbini, watu thelathini wenye majoho ya rangi ya damu ya mzee na kola nyeupe, mhudumu wa mlangoni alifurahi kama aliyewaona maharusi.

"Karibuni, karibuni! Kwaya ni mbele."

"Sisi ni watazamaji tu, binti yangu," alisema Mama Mkaguzi. "Tunapenda kukaa nyuma."

"Haiwezekani, mama, na mmependeza hivyo! Mbele, mbele, njooni niwaonyeshe."

"Nimesema nyuma."

Lakini Mama Pacha alikwisha kupita, na Ngurumo nyuma yake, na wengine nyuma ya Ngurumo, wakiinua majoho wasiyakanyage. Mama Mkaguzi alijikuta kwenye safu ya kwanza, katikati, magoti yake karibu yaguse jukwaa. Piano ilikuwa pale, kubwa na nyeusi, inang'aa hata angeweza kujiona uso.

Ukumbi ulikuwa umevishwa. Taa ndogondogo zilizungushwa kwenye nguzo, nyota za karatasi zilining'inia darini zikizunguka polepole kila mlango ulipofunguliwa. Watoto walikuwa wamekaa mapajani mwa baba zao. Bibi mmoja wa safu ya pili alikuwa amevaa kofia yenye unyoya uliomkuna pua aliyekaa nyuma yake. Mama Mkaguzi alitafuta kwa macho watu wenye chupa na karanga, akaona watu wenye watoto na peremende.

Bendi ikaingia. Mwenye tarumbeta alikuwa mtu mfupi mnene, ndiye kiongozi, anacheka kabla hajafanya lolote. Kukawa na mwanamke mrefu wa saksafoni, mzee wa gitaa kubwa la kusimama, mpiga dramu aliyekuwa akitafuna kijiti, na wa mwisho Mdogo, suti nyeupe, kichwa chini. Alikaa kwenye piano akiwapa watazamaji ubavu. Mama Mkaguzi aliiona ile shingo. Ilikuwa shingo ya Mwalimu, imetoka kwenye kola vilevile, na moyo wake ulimpiga hata akaogopa kwamba kipaza sauti kitausikia.

Akasubiri Mama Pacha apige kelele. Mama Pacha alikuwa anamenya peremende.

Labda hajamtambua, aliwaza. Ni suti. Mungu ni mwema.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Krismasi ambao kila mtu ukumbini aliujua tangu akiwa mtoto, lakini ulikuja umevaa nguo nyingine. Tarumbeta iliuanza kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi, kisha saksafoni ikaudaka, ikaugeuza, ikaupitisha vichochoroni, na kila walipodhani umepotea ulichungulia kwenye kona ukicheka. Watu walicheka nao. Mzee wa gitaa kubwa alikuwa analikumbatia kama mtu anayecheza na mkewe siku ya kumbukumbu ya ndoa. Wimbo wa pili ulikwenda mbio, wa tatu ulikuwa wa taratibu, laini, hata mtoto mmoja akasinzia na baba yake akasinzia pamoja naye.

"Haa!" Ngurumo alinong'ona, na mnong'ono wa Ngurumo husikika hadi mlangoni. "Yule wa piano ana mikono!"

"Nyamaza," alisema Mama Mkaguzi.

"Nasema tu ana mikono."

Alikuwa nayo kweli. Mama Mkaguzi alikuja na nia ya kukagua, na jicho lake halikuweza kuacha kazi yake. Aliona kwamba Mdogo hawakatizi wenzake. Mwenye tarumbeta akipumua, yeye anajaza pale palipobaki wazi, kidogo tu, kisha anajitoa. Aliona kwamba wakati mwingine anawatazama na kutabasamu, kwa namna ambayo hakumwona akitabasamu hata mara moja katika miaka ile ya ukaguzi wa hesabu. Halafu aliona jambo lingine, akalikodolea macho kama anayemkuta mtoto wa jirani jikoni kwake: ndani ya kiatu chake mwenyewe cha kulia, kidole gumba kilikuwa kinacheza. Alikikanya. Kikaacha, kikaanza tena.

Ndipo mwenye tarumbeta alipokikaribia kipaza sauti, akijifuta jasho. "Wimbo unaofuata," alisema, "ameuleta mpiga piano wetu. Tumemwuliza ameutoa wapi, anasema nyumbani. Haya, bwana, tupeleke nyumbani."

Mdogo alianza peke yake. Alipiga pole, chini kabisa, na kwanza hakuna mwanakwaya aliyeutambua. Mdundo ulikuwa mwingine, sauti zimepangwa kwa namna ngeni. Lakini Mama Mkaguzi hakuhitaji zaidi ya pumzi mbili. Mkono wa kushoto wa Mdogo ulikuwa unapiga sauti ya pili, sauti yake yeye, ile aliyoiimba kila Krismasi tangu alipokuwa mchumba. Amkeni, wachungaji.

Damu ilimpanda kichwani. Amethubutu! Wimbo wa baba yake, ambao haukuwahi kutoka nje ya kanisa lile, ameuchukua akauvalisha suti nyeupe! Alitaka kusimama atoke. Lakini mwanamke wa saksafoni akaingia, akiucheza mstari wa besi, na palipofika pa kondoo dume saksafoni ililia vilevile, mlio wa kondoo halisi, na watoto ukumbini wakaangua kicheko. Mama Mkaguzi alimsikia Ngurumo akivuta pumzi.

"Jamani," alinong'ona Ngurumo. "Jamani, huyo ni mimi."

Sasa safu nzima iliutambua. Majoho yalianza kusogea. Bendi ilipanda, ikapanda, tarumbeta ikapaa juu ya wote, ubeti wa pili, ubeti wa tatu, na Mama Mkaguzi akasahau kutoka. Halafu bendi ilikata. Ghafla, yote. Mpiga dramu aliinua vijiti vyake juu, maana hapo palikuwa pake. Walikubaliana kwamba hapo atapiga peke yake, na alikuwa amejiandaa wiki nzima.

Na Mdogo, kwa mazoea tu, akaondoa vidole kwenye piano, akatia mikono yote miwili mfukoni.

Mama Mkaguzi alimeza mate.

"Amkeni—"

Waliingia. Watu thelathini, sauti zote nne, sawasawa, kwa nguvu zote za watu waliokaa kimya muda mrefu. Hakuna aliyeamua, hakuna aliyefikiri. Walikuwa wamefika katikati ya mstari kabla Mama Mkaguzi hajagundua kwamba yuko wima, kifua mbele, anaimba kwenye onyesho la watu wengine. Mpiga dramu alibaki na vijiti hewani, mdomo wazi, kile kijiti cha kutafuna kimeanguka. Mdogo aligeuka. Kwa mara ya kwanza alasiri ile aliwatazama watu wa safu ya mbele, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeamshwa akaambiwa leo hakuna shule.

Alitoa mikono mfukoni, akaiweka kwenye piano, akawafuata.

Hakuwapita, hakuwavuta. Alikwenda chini yao kama anayemshikia mama ngazi. Gitaa kubwa likaingia, saksafoni ikaingia, mpiga dramu akakubali matokeo na kuanza kugonga taratibu kwa brashi. Ubeti ukaisha na hawakuacha. Tarumbeta ikawaomba warudie, nao wakarudia, safari hii na mdundo, na Mama Pacha, jasho likimtoka kama alivyoahidi, akaanza kuyumba, na ukikaa karibu na Mama Pacha anayeyumba huna budi kuyumba. Ukumbi mzima ulisimama. Bibi wa kofia ya unyoya alikuwa anapiga makofi nje ya mdundo kwa furaha isiyo na simile. Besi walilia kama kondoo dume hadi pasipohitajika kondoo.

Kelele zilipotulia kidogo, mwenye tarumbeta alishika kipaza sauti, anahema. "Mabibi na mabwana, mimi sikupanga hili! Bwana piano, umetuficha! Hawa ni akina nani?"

Alimsogezea Mdogo kipaza sauti. Mdogo akainama kukisemea, akainua macho. Alimtazama mama yake. Mama Mkaguzi aliuelewa mtazamo ule papo hapo, na ulimchoma kuliko maneno. Mdogo alijua. Alijua habari za mahesabu. Amezijua muda wote, na jioni zote zile za presha na mvua hakumwuliza.

"Ni kwaya," alisema Mdogo polepole. "Kwaya ya kanisa moja ninalolifahamu."

Alikuwa anamsaidia kubeba bakuli lake. Watu walianza kupiga makofi, mwenye tarumbeta akaanza kurudisha kipaza sauti mahali pake, na jambo lingeishia pale, jina likabaki safi, supu isimwagike hata tone. Mama Mkaguzi alitazama ile shingo ndefu imeinama. Alijaribu kuona aibu iko wapi, ile aliyoikimbia mwaka mzima. Hakuiona. Aliiona familia yake.

"Mdogo!" Ilikuwa sauti ya kiti cha nyuma darasani, sauti isiyohitaji kipaza. Makofi yalikatika. "Watu wameuliza vizuri. Jibu inavyopasa!"

"Mama..."

"Basi nitajibu mimi." Aligeuka akawakabili watu wa ukumbi mzima, mgongo umenyooka. "Huu wimbo aliutunga marehemu mume wangu. Hii ni kwaya yake. Na huyo hapo kwenye piano ni mwanangu, mtoto wangu wa mwisho, na kazi yake ni kupiga piano."

Kisha akakaa.

Vifijo vilivyofuata vilizitikisa nyota za karatasi darini. Mama Mkaguzi hakuvisikia vizuri. Alikuwa amemgeukia Mama Pacha, tayari kupokea alichostahili.

"Mama Pacha," alisema, "nilikudanganya. Hakuna mahesabu."

Mama Pacha alimtazama kwa huruma, peremende shavuni. "Mama yangu, tangu Pasaka tunajua."

"Tangu Pasaka!"

"Ngurumo huenda kumsikiliza kila Ijumaa. Anakaa mbele, anakunywa chai ya tangawizi, analia. Wewe ulidhani 'ana mikono' alikuwa anamsema nani?"

"Na mkaniacha niseme..."

"Sasa tungefanyaje? Ulivyokuwa ukisema kwa heshima vile, nani angekukatiza? Hata mume wangu siku hizi akitaka kutoroka kufua anasema anafunga mahesabu."

Mama Mkaguzi alitaka kukasirika. Alifungua mdomo ili aanze, kikatoka kicheko, kidogo kwanza, kisha kikamzidi nguvu, hata ikabidi Mama Pacha amshike begani asianguke kwenye joho la jirani.

Onyesho lilipokwisha, watu walipanga mstari sebuleni kwa ukumbi kumpa mkono, na yeye aliupokea kila mkono kama mama wa bwana harusi. Bibi wa unyoya alimbusu mashavu yote mawili na kumwambia amezaa. "Ndiyo, nimezaa," alikubali. Mpiga dramu alikuja kusalimia, akamsamehe kwa kumchukulia zamu yake, akauliza kama sauti ya pili huwa inaajiri.

Mdogo alikuja mwisho, koti begani. Walisimama wakitazamana, hakuna presha wala mvua ya kuzungumzia.

"Samahani kwa kuuchukua wimbo bila ruhusa, mama."

"Ubeti wa pili uliukimbiza mno."

"Ndiyo, mama."

"Kondoo hawakimbii hivyo. Wanakwenda zao tu." Alimpangusa kitu begani ambacho hakikuwapo. "Lakini palipofika pa kumeza mate ulisubiri vizuri. Vizuri kabisa."

Mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama yake alikohoa.

"Siku ile nilikuzuia kumsemea baba yako," alisema. "Sasa namsemea mimi, maana ni mume wangu. Angekuja kusikiliza."

"Angekaa nyuma kabisa," alisema Mdogo.

"Angekaa mbele. Na angevaa sare."

Alifungua mkoba wake mweusi, akapekua chini ya vitambaa na miwani, akatoa ufunguo mdogo wa shaba ambao Mdogo aliutambua kabla haujamfikia mkononi.

"Krismasi njoo asubuhi, kabla ya wageni. Utanisaidia kuondoa kile chombo cha maua pale juu. Kizito mno, sijui ni nani aliyekiweka."

Nje, gari la kwaya lilikuwa limewashwa, na madirishani majoho yalikuwa yakipepea kama mapazia, watu bado wanaimba wimbo uleule kwa mdundo mpya, mwalimu kijana akijaribu bila mafanikio kuwarudisha kwenye ule wa zamani. Ngurumo alitoa kichwa nje.

"Mama Mkaguzi! Tunakusubiri! Hayo mahesabu yamefungwa au bado?"

"Yamefungwa!" alijibu kwa sauti, hadi wapita njia wakageuka. Alimshika Mdogo mkono. "Sasa sogeeni. Huyu anarudi na sisi, na mimi nakaa dirishani."